Nilivyochagua Shahada ya Uzamili ya Takwimu

Nilipokuwa karani wa Sensa ya Agosti 2022 wilayani Mufindi, nikibonyeza kishikwambi kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, ndipo nilipoanza kutamani kujua namna majibu ya kaya yanavyogeuzwa kuwa makadirio. Kwa hiyo, nilipoketi Iringa kuchagua chuo, sikutazama sifa wala majengo, bali mihtasari ya masomo. Mmoja ulijaa nadharia ya uwezekano. Nikauacha, ingawa jina la chuo hicho lingempendeza baba. Nilielemea Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961 kuandaa watakwimu wa serikali. Ada ilinisumbua kidogo. Aljebra ya matriki, yaani hesabu za majedwali ya namba, niliyoipata kwa alama C, inanisumbua zaidi, na daftari lake nimeshalifungua upya.