Fomu iliniuliza jina la msanifu

Kuna shindano la picha za majengo ambalo mada yake ni Dar es Salaam inavyobadilika. Ukishasikia hivyo unajua wapiga picha wote watakwenda wapi. Watapanda pantoni ya Kigamboni, wageuke nyuma, wapige kanisa la Azania Front na paa lake jekundu huku maghorofa ya vioo yamesimama nyuma yake. Au watawahi Daraja la Tanzanite alfajiri. Au stesheni ya SGR magharibi inapoingia, taa zikiwashwa chini ya lile paa lililochongwa kama jiwe la tanzanite. Picha hizo zote ninazo, na nyingine zimenipatia hela ya kalenda. Lakini humo mji umeshabadilika, umeoga na kuvaa. Mimi nilitaka kuukuta ukiwa bado unavua.

Kazi yangu ni harusi, sendoff na kipaimara. Mambo yakikauka napiga pasipoti saizi. Studio yangu ni fremu, na kabla ya kuwa fremu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, alicholala mtu na mkewe na watoto wao. Zile nyumba tunazijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani nyuma, baraza mbele. Barabara ikichangamka, vyumba vya mbele vinabomolewa ukuta wa nje, linawekwa geti la chuma, mpangaji anauza vifuniko vya simu. Baraza inaliwa kwanza, halafu vyumba. Kwa maoni yangu hapo ndipo Kariakoo ilipogeuka. Ghorofa huja baadaye, wenye nyumba wakishazoea kodi ya fremu na mwekezaji akaja na karatasi za ubia.

Nyumba niliyoipiga imebanwa kati ya maghorofa mawili, bati lake limeshika kutu, na viyoyozi vya jirani vinadondosha maji juu ya paa mchana kutwa. Mwenyewe ni bibi mmoja mjane. Ametega beseni pale matone yanapoangukia, maji yakijaa anapigia deki.

Kumwendea haikuwa rahisi. Tangu Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, mtu akielekeza kamera ukutani pale mtaani anaulizwa maswali. Nilitoa shikamoo yangu mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Wewe wa manispaa?"

"Hapana bibi, mpiga picha tu."

"Wa yule mwekezaji?"

Nikamwonyesha simuni picha za harusi ya mtoto wa jirani yake. Hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa uani.

Sasa, darasani na mitandaoni tunafundishwa kuikimbia saa sita ya mchana. Jua liko utosini, vivuli vya watu vinakaa chini ya macho, kuta zinapauka. Uani kwa yule bibi mwanga hauna saa nyingine. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Siku hizo, kwa muda mfupi, linashuka wima katikati ya yale maghorofa mpaka kwenye sakafu. Juni linalalia kaskazini, na kaskazini kwake kuna ukuta mtupu unaopanda mpaka huoni mbingu. "Kipupwe hapa sianiki kitu," aliniambia. Kanga zake huzipeleka kwa mwanawe Mbagala zikakauke.

Kwa hiyo nilipiga mwezi Machi, saa sita na nusu. Kamba ya nguo imekatiza picha, kanga mbili zimewaka jua, kila kitu kingine kimezama kivulini. Ukiikuza sana utaona beseni.

Picha ya mbele ya nyumba ilinitesa zaidi. Mtaa ni mwembamba, ukisimama ng'ambo na kuinua kamera ili maghorofa yaingie, yanaanguka kwa nyuma kama yamelewa. Zipo lenzi za kunyoosha mistari, bei yake siiwezi. Dawa ya maskini ni kupanda juu. Fundi cherehani mmoja ng'ambo ya mtaa aliniachia dirisha lake la ghorofa ya pili, na kamera ikikaa usawa ule bila kuinuliwa, kuta zinasimama wima zenyewe. Nilimlipa kwa pasipoti saizi.

Nikaongeza na Soko la Kariakoo. Hapa nitasema jambo langu: mazungumzo ya urithi wa majengo Dar yanaishia kwa Wajerumani. Makanisa yao mazuri, sikatai. Lakini Maktaba Kuu ya Taifa, iliyochorwa na msanifu majengo Anthony Almeida na kufunguliwa 1967, watu wanapita hawageuzi shingo. Na soko hili la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, wengi walilitazama vizuri lilipokuwa linaungua, Julai 2021. Paa lile ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, inapokea mvua na kuiteremsha chini. Mwafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yake ya usanifu ndiye aliyelichora, na mtoto wa shule wa Ilala hajui jina lake.

Jina la msanifu, kwa kweli, lilikuwa sehemu ya fomu ya shindano. Kwenye picha ya soko niliandika "Beda Amuli" bila kuwaza. Kwenye nyumba ya bibi kisanduku kikakataa kuachwa wazi, kinageuka chekundu. Nikampigia simu. Akasema ramani haikuwapo, marehemu mumewe alipima kwa hatua, fundi akafuata nyayo na kamba, na chumba cha tatu kushoto kilitoka kidogo kwa sababu palikuwa na mti ambao mama mkwe alikataa ukatwe. Nikaandika: "Mwenye nyumba (marehemu), mama yake, na fundi wa mtaani." Mfumo ukapokea.

Majaji wakiitupa kwa sababu hiyo, sawa. Watoto wake wameshaanza vikao vya ubia. Wawili wanataka, mmoja hataki, na bibi hajasema lolote. Ameniagiza nimchapie picha ya uani, kubwa, ya karatasi. Ile ya mbele aliitazama akairudisha, akasema hiyo ni ya maghorofa ya watu.