Mtufaha niliouua kwa huruma

Mtufaha wangu wa kwanza niliuua mwenyewe, tena kwa huruma. Baridi ilipokaribia niliurundikia matandazo ya majani makavu na nyasi hadi gotini, nikayakandamiza kwenye shina kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Theluji ikaanguka juu yake, nami nikafunga mlango nikijua bustani yote imelala.

Panya wa shambani hawakulala. Theluji ilipoyeyuka nilifukua matandazo nikakuta shina limemenywa ganda kuzunguka pande zote, upana wa kiganja. Sehemu iliyobaki bila ganda ilikuwa mweupe, imejaa mistari midogo ya meno kama iliyopitishwa patasi ya mtoto. Kumbe matandazo yale nilikuwa nimewajengea panya nyumba, nikawawekea na chakula ukutani.

Kilichoniuma ni kwamba mti ule ulichanua. Ulitoa majani na hata maua, kwa akiba iliyokuwa bado ndani yake, nikajipa moyo. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia ganda la ndani, na ganda likishakatwa mduara mzima, mizizi hufa njaa polepole. Kiangazi kilipofika kati, ukakauka wote.

Sasa matandazo yangu hukaa sentimita 15 mbali na shina, na shina huvaa wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6. Wavu wa kuku usijisumbue nao, panya anapita bila kuinama. Chini naufukia kidogo, juu naupandisha uzidi kina cha theluji, maana sungura husimama juu ya hiyo theluji kama ngazi akaguguna pale ambapo hukutegemea.

Wadudu nao hujificha, ila hao hawana haraka. Siku ya jua natoka na kioo cha kukuzia, naangalia pembeni mwa vitumba. Mayai ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, ni meusi yanayong'aa, kila moja kama nusu ya mbegu ya mchicha. Wadudu gamba nawakwangua kwa ukucha. Kuna nondo anayetaga mayai yake yamebanana kuzunguka kitawi kama bangili. Hiyo nakata kwa mkasi, imekwisha. Matunda yaliyokauka mtini nayatoa pia, yana ukungu wa mwaka jana.

Mayai yakibaki mengi, napulizia mafuta maalumu ya kupuliziwa miti ikiwa bado imelala, kabla haijachipua. Hayaui kwa sumu, yanaziba pumzi tu, kwa hiyo ufa wa ganda usioguswa na mafuta ni ufa ambao wadudu wake wamesalimika. Watu wengi hupulizia mapema mno. Mimi husubiri baridi inapokatika, vitumba vikiwa vimevimba lakini havijafunguka, kwa kuwa yai linalokaribia kuanguliwa linahitaji hewa zaidi. Joto liwe juu ya nyuzi 4 za Selsiasi, na usiku unaofuata usiwe wa kugandisha.

Majani makavu ya kule uani siyafagii. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari, wamelala humo. Bustani safi kama sebule huwa inanitia wasiwasi.

Jana asubuhi nilikuta nyayo za sungura kwenye theluji. Zimeuzunguka mtufaha mpya mara mbili, zikasimama kwenye wavu, kisha zikanyoosha moja kwa moja hadi kwenye mawaridi. Mawaridi sikuwa nimeyazungushia kitu.