Siku moja maishani mwangu: wakala wa M-Pesa na makala ya utapeli mtandaoni

Nikishaswali alfajiri, saa kumi na moja na nusu hivi, intaneti hapa Lamu huenda kwa kasi kwa kuwa wengi hawajashika simu. Huo ndio wakati wangu wa Wikipedia ya Kiswahili. Napitia mabadiliko ya karibuni, kisha narudi kwenye makala ya utapeli mtandaoni. Bado ni mbegu, yaani makala fupi isiyokamilika: aya mbili kuhusu barua pepe za benki na kadi za mkopo. Yote ni kweli, ila wateja wangu wengi hawana kadi. Pesa zao zinakaa M-Pesa, iliyoanza 2007, ndani ya simu ndogo za mulika mwizi.

Saa mbili nafungua duka, Langoni. Kuweka, kutoa, kuuza salio.

Saa nne akaja mama mmoja, uso umemshuka. "Mwanangu, nisomee huu ujumbe. Kuna mtu amenitumia pesa kwa makosa, anapiga simu analia nimrudishie."

Ujumbe ulifanana na wa kweli hadi nukta: namba ya muamala kwa herufi kubwa, kiasi, tarehe, salio jipya. Lakini haukutoka kwa jina MPESA, ulitoka kwenye namba ya kawaida. Tukaangalia salio lake: halikuongezeka hata senti.

"Usitume kitu, mama. Aliyekosea kweli huupeleka ujumbe wake kwenye namba 456 ya Safaricom, akashughulikiwa huko."

Alikuwa karibu kutuma ada ya mjukuu wake.

Kisa hicho siwezi kukiweka kwenye makala. Wikipedia haipokei utafiti wa mhariri mwenyewe, inataka chanzo kilichochapishwa, nami nakubaliana nayo kabisa. Mwaka 2005 wasifu wa mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler ulikaa humo miezi kadhaa ukimhusisha na mauaji ya Rais Kennedy wa Marekani, uongo mtupu. Anayeandika kuhusu udanganyifu ndiye anayepaswa kubanwa zaidi na vyanzo.

Kwa hiyo saa nane, wateja wakipungua, nasoma sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao. Kifungu cha 30 kinamlenga anayetuma ujumbe ili mtu atoe taarifa zake binafsi: faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Tapeli wa asubuhi aliomba pesa, hakuomba namba ya siri, kwa hiyo mbinu yake naipa sehemu yake nisije nikachanganya makosa mawili.

Baada ya Isha naongeza aya ya video za kughushi kwa akili mnemba, nikianza na ile ya Machi 2022 iliyomwonyesha Rais Zelensky wa Ukraine akiwaambia askari wake waweke silaha chini. Chini yake mtu ameingiza sentensi kwamba wanaotapeliwa ni wasiosoma. Haina chanzo, na ni dharau. Nimeifuta, nikaeleza sababu kwenye ukurasa wa Majadiliano na kumwomba mwenzangu alete ushahidi kama anao.