Nilikesha kwa Saint Lucia, nikalala kwa Simbu

Jumatatu ile ya Septemba 15, 2025 niliamka saa kumi alfajiri kama siku zote. Mimi ni mtu wa chapati na maandazi hapa Sakina, Arusha. Nisipokanda saa hiyo, makonda wa daladala wanakwenda kula kwa jirani. Nikawasha jiko, nikanawa uso, nikashika simu ili nipate mwanga wa kuutafuta mwiko, sijui nani kauficha. Grupu la ukoo lilikuwa na ujumbe zaidi ya arobaini. Moyo ukashtuka. Kwetu simu ikijaa usiku ujue kuna msiba.

Kumbe ni Simbu. Alphonce Simbu kashinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Mbio zilikuwa zimeisha muda mfupi tu kabla sijafumbua macho. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, mpaka picha ya mstari wa mwisho ikaonyesha wamepishana kwa sekunde 0.03. Kilomita arobaini na mbili na ushee, halafu mnaachana kwa kifua! Nilirudia video mara sita. Unga ukakauka kwenye karai.

Nilifurahi, tena sana. Ila kuna kitu kilinichoma, na ndicho kimenikalisha leo kuandika. Mwaka uliotangulia nilikesha kwa ajili ya nchi ambayo hata kwenye ramani nisingeweza kuionyesha.

Ilikuwa Agosti 3, 2024, Jumamosi ya Simba Day. Kibanda umiza cha hapa mtaani kilikuwa chekundu kuanzia mlangoni. Mpaka saa nne usiku wengi wameshaondoka, waliobaki sauti zimewakauka. Mimi na mdogo wangu tulimwomba mwenye kibanda asizime, atuwekee Olimpiki ya Paris. Akakubali kwa sharti la soda mbili mbili.

Mvua ilikuwa inanyesha Paris. Fainali ya mita 100 wanawake. Watu wote wanamsubiri Mmarekani, Sha'Carri Richardson. Mdogo wangu yuko kwenye simu anasoma habari za Julien Alfred, yule dada wa Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani: timu yao nzima imekuja na wanamichezo wanne. Wanne! Hao hata kwenye Noah wanabakiza nafasi. Tangu waanze kwenda Olimpiki mwaka 1996 hawajawahi kurudi na medali ya aina yoyote. Kisiwa chote kina watu laki moja na themanini hivi.

"Dada, Arusha mjini tuko wangapi?"

Nikamwambia sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya laki sita.

"Basi hawa wote wanaenea kuanzia hapa Sakina mpaka Kijenge na vyumba vinabaki."

Bastola ikalia. Alfred wa kwanza, sekunde 10.72. Richardson nyuma kwa 10.87, na pengo hilo kwenye mita 100 si pengo la kubishaniwa. Sikujijua nimesimama saa ngapi, nilijikuta napiga vigelegele. Kijana mmoja mwenye jezi ya Simba akageuka. "Mama, ni ndugu yako?" Nikamjibu leo ndiyo.

Usiku huohuo Thea LaFond wa Dominica, kisiwa cha watu elfu sabini hivi, akaruka hatua tatu kwa mita 15.02 na kuchukua dhahabu. Nao ilikuwa medali yao ya kwanza. Visiwa jirani, usiku mmoja. Siku chache baadaye Alfred akaongeza fedha ya mita 200.

Nilisoma habari zake wiki nzima. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akaacha kukimbia, akarudi. Akiwa na miaka 14 akahamia Jamaika ili afundishwe. Mwenyewe alieleza alivyokuwa akikimbia peku, na sare ya shule mwilini. Uwanja wao mkubwa uliwahi kugeuzwa hospitali, baada ya hospitali ya Saint Jude kuungua mwaka 2009, na wagonjwa wakakaa humo miaka na miaka. (Na kisiwa hichohicho kina washindi wawili wa Nobeli, Arthur Lewis na Derek Walcott. Sijui huko wanakula nini.)

Wiki moja baada ya vigelegele vyangu, Simbu alikimbia marathoni ya Paris. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, wala si usiku wa kukesha. Sikufuatilia. Nilikuwa nauza, lakini redio ilikuwepo, simu ilikuwepo. Niliposikia amekuwa wa 17 nikasema "aah", nikageuza chapati.

Nimejiuliza kwa nini. Baba mdogo, ambaye ni mtu wa Karatu kama Filbert Bayi, hadithi yake ni moja: Christchurch 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi anaongoza mita 1,500 mwanzo mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, 3:32.2, John Walker wa New Zealand hampati. Halafu 1976 Tanzania ikasusia Montreal pamoja na Waafrika wengine, Walker akabeba dhahabu. Moscow 1980, fedha mbili, Bayi na Suleiman Nyambui. Kwenye Olimpiki hadithi inaishia hapo, mpaka leo. Shuleni nako tulisomewa John Stephen Akhwari, Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, wa mwisho lakini kamaliza. Nampenda yule mzee. Ila ukikuzwa na hadithi hiyo tu, unazoea kuona kumaliza kunatosha.

Saint Lucia kuitumainia hakukunigharimu kitu. Yule dada angeshindwa ningemaliza soda nikalale. Wetu akishindwa naamka naye, nakanda naye, wateja wananiuliza habari zake. Nadhani nilijifundisha kutotazama mapema, kabla sijaumia.

Kila alfajiri vijana wa mbio wanapita hapa kwenye barabara ya Namanga, pumzi zao zinatoka moshi kwenye baridi. Jumatatu ile walipita wakipiga kelele. Mmoja, ambaye huwa anakunywa chai na maandazi mawili kwa daftari, aliporudi akaegemea meza yangu.

"Shikamoo mama. Umeona?"

"Marahaba. Nimeona."

"Ulikesha?"

Nikasema nilikesha. Nimemdanganya mtoto wa watu asubuhi na mapema, mkono uko kwenye unga.

Nikamwekea andazi la tatu na kumwambia hilo siandiki. Akasema kocha hataki mafuta. Akalila.