Sita kwenye karatasi, wanne uwanjani

Mtu akikutumia timu yake ya mashindano ya gemu ya Pokémon ili uikosoe, acha kwanza kutazama majina. Muulize: ukikutana na timu ya Trick Room, mbinu inayowafanya wa polepole watangulie, unaanza na nani wawili, na nyuma unaweka nani? Akisita, basi timu bado hajaijenga. Alicho nacho ni orodha ya Pokémon sita wazuri.

Nimekuwa nikilitafakari hili kwa sababu mfumo wa mashindano rasmi, VGC (Video Game Championships), unaochezwa tangu mwaka 2009, umejengwa juu yake. Unaandikisha sita, wote wanapigana wakiwa levo ya 50, hakuna vifaa viwili vinavyofanana, na kila pambano unachagua wanne tu, wawili wawili uwanjani. Muda wa kutazama timu ya mpinzani na kuchagua hao wanne ni sekunde 90. Anayeanza kufikiri pale amechelewa. Wanne hao huchaguliwa nyumbani, wiki kabla, kwa kila aina ya timu unayotarajia kukutana nayo.

Nitumie mfano wa kanuni ya F (Regulation F) ya gemu za Scarlet na Violet, iliyochezwa kuanzia Januari hadi Aprili 2024. Naipenda kwa kufundishia kwa sababu miungu wakubwa kama Miraidon na Calyrex hawakuruhusiwa, hivyo nguvu za Pokémon waliobaki zilikaribiana na hesabu ndogo zilikuwa na uzito. Timu ya kawaida ya siku zile: Tornadus, Urshifu wa maji, Flutter Mane, Landorus, Rillaboom na Incineroar.

Anza na kazi, majina yafuate. Tornadus anapuliza Tailwind, inayozidisha kasi ya upande wako mara mbili kwa zamu nne, na uwezo wake wa Prankster huzipa kipaumbele mbinu zake zisizo za kushambulia, yaani zinatangulia bila kujali kasi, hivyo anamtangulia karibu kila mtu. Kasi mpya inahesabika papo hapo, kwa hiyo mwenzake anafaidi zamu ileile. Urshifu anavunja wanaojificha: Surging Strikes hupiga mara tatu, kila pigo ni kritiko (pigo lenye nguvu ya ziada), na uwezo wake wa Unseen Fist hupenya Protect, mbinu ya kujikinga. Kwa kuwa kritiko haijali shambulizi lililoshushwa, Intimidate ya mpinzani, uwezo unaoshusha shambulizi, haimpunguzii kitu kwenye pigo hilo. Flutter Mane ana kasi na pigo la Moonblast. Landorus mwenye uwezo wa Sheer Force na Life Orb, kifaa kinachoongeza nguvu kwa gharama ya uhai, anapiga Earth Power bila kulipa gharama hiyo. Rillaboom na Incineroar wote wawili wana Fake Out, ambayo ina kipaumbele na hukwamisha adui mmoja zamu ya kwanza, na wote wanajua kutoka uwanjani huku wakimwingiza mwingine: mmoja kwa U-turn, mwingine kwa Parting Shot.

Sasa hesabu ya kasi, maana hapa ndipo timu nyingi zinapovuja.

Flutter Mane aliyejazwa kasi kabisa, mwenye tabia ya Timid inayopandisha kasi, ana 205. Akishika kifaa cha Booster Energy inazidishwa kwa moja na nusu, anafika 307. Hiyo 307 ndiyo alama ambayo timu ya Tailwind lazima iitazame. Urshifu mwenye tabia ya Adamant, inayopandisha shambulizi badala ya kasi, ana kasi 149. Tailwind inampa 298, anapigwa kabla ya kupiga. Akiwa Jolly, tabia ya kasi, ana 163, yaani 326, anatangulia. Landorus ndiye anayeumiza zaidi. Mwenye Modest, tabia ya shambulizi maalumu, hata umjaze kasi yote, ana 153. Zidisha mara mbili: 306. Pointi moja tu imepungua, na pointi hiyo ni Moonblast usoni. Kumfanya Timid kunampandisha hadi 168, lakini nguvu ya Earth Power inashuka, kwani shambulizi maalumu linatoka 183 hadi 167. Hakuna jibu la bure. Ukibaki na Modest, uandike kwenye daftari kwamba Flutter Mane wa Booster atashughulikiwa na mwingine, na umtaje huyo mwingine kwa jina.

Rillaboom kwa upande wake hahitaji pointi hata moja ya kasi kwa kazi hii. Bila mazoezi yoyote ana 105, Tailwind inampa 210, na tayari amempita Flutter Mane asiye na Booster. Pointi zote ziende kwenye uhai, shambulizi na ulinzi. Nikiona Rillaboom wa timu ya Tailwind amejazwa 252 za kasi huwa nauliza anamkimbilia nani, na mara nyingi jibu halipo.

Kuhusu pointi zenyewe, yaani EV: kila Pokémon ana 510, na sifa moja haizidi 252. Kwa levo ya 50, nne za kwanza zinaongeza pointi moja, kisha kila nane zinaongeza nyingine, kama kipaji cha kuzaliwa (IV) kimejaa, yaani 31. Namba zinazofaa ni 4, 12, 20, 28 na kuendelea. Ukiandika 96 umetupa nne, maana 92 inakupa matokeo yaleyale na 100 ndiyo inayoongeza. Ule mgawanyo wa uvivu wa 252, 252 na 4 unatoa pointi 65. Ukizisambaza kwenye sifa tano kwa namba sahihi unapata 66. Ni pointi moja tu, lakini umeshaona hapo juu pointi moja inafanya nini.

Kwa Flutter Mane kuna mtego mwingine. Booster Energy inaongeza sifa iliyo juu kuliko zote, na haikuulizi unataka ipi. Mwenye Timid na 252 kwenye shambulizi maalumu ana 187 pale, kwa hiyo kasi yake isishuke chini ya 188 unapohamisha pointi kwenda kwenye ulinzi. Zikilingana 187 kwa 187, gemu inachagua shambulizi maalumu na ule mwendo wa kutisha unapotea. Hakuna onyo. Utagundua zamu ya kwanza, mbele ya mpinzani.

Udhaifu wa pamoja nao uutazame kabla hujapenda timu. Katika sita hawa, barafu inamuumiza Tornadus na Rillaboom mara mbili, na Landorus mara nne. Chien-Pao, mwenye kasi 205 na mapigo ya barafu, anaitazama timu hii kwa tamaa. Ndiyo maana Rillaboom wengi walibeba Tera ya moto (Tera humbadilishia Pokémon aina yake katikati ya pambano) na Landorus wakapewa Tera ya maji, zote zinazopunguza barafu. Lakini Tera ni moja kwa pambano zima. Ukiipanga kwa watatu ukidhani wote wataitumia, umejidanganya kwenye karatasi.

Turudi kwenye lile swali la Trick Room. Trick Room hugeuza utaratibu, mzito wa mwendo anatangulia. Inapigwa mwisho kabisa wa zamu, kipaumbele cha hasi saba, na inadumu zamu tano ukihesabu ileile iliyopigwa. Faida ya kweli kwa wazito ni zamu nne. Wengi wanadhani wana dawa: Fake Out mbili, na Taunt ya Tornadus, inayomzuia adui kutumia mbinu zisizo za kushambulia. Halafu anatokea Farigiraf. Uwezo wake wa Armor Tail unazuia kila mbinu yenye kipaumbele inayomlenga yeye au mwenzake. Fake Out inagonga ukuta. Taunt ya Tornadus, kwa kuwa Prankster imeipa kipaumbele, nayo inagonga ukuta uleule. Shadow Ball ya Flutter Mane, pigo la mzimu, haimgusi kwa sababu ana aina ya kawaida. Dawa zote zimekwisha kabla ya zamu ya pili.

Kilichobaki ni Knock Off ya Incineroar na U-turn ya Rillaboom, zote zinampata mara mbili, na Surging Strikes inayomchosha. Kwa hiyo dhidi yake naanza na Incineroar na Urshifu, wote wawili kwa Farigiraf. Asipoanguka na Trick Room ikasimama, nahesabu zamu nne: Protect kwa anayelengwa, Parting Shot ya kushusha mashambulizi ya adui kisha kuingiza mwingine, halafu Incineroar anarudi tena na Intimidate yake. Kila zamu inayopita bila mtu wangu kuanguka ni yangu. Tornadus simleti kabisa, ingawa ndiye roho ya timu hii siku nyingine zote.

Dhidi ya Hatterene na Indeedee wa kike, jozi nyingine ya Trick Room, habari ni tofauti kidogo. Indeedee anaweka Psychic Terrain, inayolinda waliokanyaga ardhi dhidi ya mbinu zenye kipaumbele. Rillaboom anaweza kuifuta kwa Grassy Surge, uwezo unaoweka uwanja wake wa nyasi, ila mpangilio una sheria yake: wakiingia wote kwa pamoja mwanzoni, wa kasi zaidi anaweka uwanja wake kwanza na mzito anaufunika. Wote wana kasi ya msingi ya 85 (kabla ya hesabu ya levo), lakini Indeedee wa timu hizi hupunguzwa kasi makusudi, kwa hiyo uwanja unaobaki ni wake. Rillaboom akae nyuma aingie baadaye. Ukimwanzisha unampa mpinzani zawadi.

Kwenye gemu yenyewe, kutengeneza Pokémon mmoja si bei ndogo. Dawa moja ya vitamini ni 10,000 za pesa ya gemu na inatoa EV kumi, hivyo 252 zinahitaji dawa 26. Sifa mbili ni 520,000. Mnanaa wa kubadili tabia ni 20,000, na kubadili Tera ni vipande 50 kwenye mgahawa wa mji wa Medali. Ndiyo maana ni upuuzi kujenga kwanza kisha kujaribu. Jaribu kwanza kwenye tovuti ya Pokémon Showdown, inayofunguka bure kwenye kivinjari, hata cha simu, na isiyomaliza bando kwa kuwa ni maandishi na vipicha. Timu ikitulia ndipo uingie gharama. Tahadhari moja: kifuniko cha dhahabu (Gold Bottle Cap) kinajaza vipaji vyote sita vya kuzaliwa. Ukimpa Torkoal uliyemkusudia kwa Trick Room, umempandisha kasi, na hakuna kifuniko kinachoirudisha chini. Tumia vya fedha, sifa moja moja, uiache kasi.

Watu hupenda kumtaja Pachirisu wa Se Jun Park kama ushahidi kwamba Pokémon yeyote anafaa. Sikubaliani na usomaji huo. Mkorea huyo alishinda ubingwa wa dunia Washington mwaka 2014 akiwa na Mega Gyarados, ambaye umeme unamuumiza mara nne mpaka ageuke kuwa Mega. Alihitaji mtu mwenye Follow Me wa kuvuta mapigo, anayekula umeme bila kudhurika, na asiyeogopa mapigo ya ndege ya Talonflame waliojaa mwaka ule. Pachirisu ana Volt Absorb, aina ya umeme inayopunguza mapigo ya ndege, Nuzzle ya kupooza, na Super Fang inayokata nusu ya uhai wa adui hata kama shambulizi lake ni 45 tu. Nafasi ilikuwa na masharti, na aliyetimiza masharti alikuwa kindi huyo mdogo. Walioiga kwa kumweka Pachirisu pasipo Gyarados walichukua jina wakaacha kazi.

Katika majaribio mimi naandika vitu vitatu tu baada ya kila pambano: wanne niliowaleta, wanne wa mpinzani, na zamu ambayo pambano liliegemea upande mmoja. Mapambano kumi na tano au ishirini yakishapita, daftari linaanza kusema. Pokémon asiyeletwa kabisa anaondoka, hata kama namba zake zinavutia. Anayeletwa kila mara naye namtilia shaka, kwa sababu huenda watano wengine wamepangwa kumbeba yeye na siku akikutana na adui wake wote wanaanguka. Na ukibadili, badili kitu kimoja. Ukibadili kifaa, Tera na pigo kwa mkupuo, hutajua kilichosaidia.

Uangalie pia bahati kwa macho makavu. Kila pigo lina viwango kumi na sita vya nguvu, kuanzia asilimia 85 hadi 100. Kikokotoo kikikwambia adui anaanguka kwenye viwango kumi na tatu kati ya kumi na sita, kuna mapambano utakayoyapoteza kwa haki kabisa. Bleakwind Storm ya Tornadus inapata mara 80 kwa mia, isipokuwa mvua ikinyesha, ambapo haikosi. Mchezaji anayelalamikia kukosa huku Rain Dance, ya kuleta mvua, angeweza kuiweka kwenye nafasi ya nne ya mbinu zake hana kesi.

Kwenye mashindano ya ana kwa ana ya Scarlet na Violet karatasi za timu huwa wazi: mpinzani anaona mapigo, vifaa, uwezo na Tera, ila haoni EV wala tabia. Ile mbinu ya kushtukiza inayokupandisha ngazi mtandaoni inakufa hapo. Hesabu zilizofichwa ndizo zinabaki, pamoja na saa. Una dakika saba zako za kuamua, sekunde 45 kwa kila zamu, na pambano lote ni dakika 20. Muda ukiisha wanahesabiwa kwanza Pokémon waliobaki kila upande, kisha uhai. Kwa hiyo Incineroar aliyebaki na uhai kidogo nyuma, zamu mbili kabla ya kengele, usimtoe kafara kwa ajili ya pigo moja zuri.