Jioni umeme ulipokatika Magomeni

Ilikuwa Februari, mwezi ambao Dar es Salaam kuta za nyumba hutoa joto hata usiku wa manane. Jirani yetu, mama wa makamo, alikuwa hapati usingizi. Baada ya swala ya Magharibi alikuja, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kuzunguka: "Mwanangu, nifundishe huko kukaa kimya kwako. Kichwa changu kinapiga kelele usiku kucha. Ila kama ni ibada ya watu wengine, niambie mapema."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamweleza kwamba waliohifadhi sana elimu hii ya kutafakari, yaani kuitazama akili, ni Wabuddha, na kwamba njia ya kufuata tumbo linavyopanda na kushuka ilienezwa karne iliyopita na mtawa wa Burma, Mahasi Sayadaw. Lakini katika zoezi lenyewe haabudiwi mtu wala haliombwi jambo. Unaangalia kinachopita akilini, basi. Akaridhika.

Magoti yake yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo sakafu tuliiacha, tukachukua kiti cha plastiki. Viti hivi vimeinama kwa nyuma: ukikaa kivivu kiuno kinazama, mgongo unapinda, tumbo linabanwa na pumzi inakuwa fupi. Nilikunja khanga mbili nikazitandika juu ya kikalio cha kiti ili nyonga zizidi magoti kidogo kwa urefu. Akasogea mbele, asiegemee. Nyayo zote mbili chini, mikono mapajani, kidevu kimeingia kidogo. Nilimwambia pia kwamba likimjia jambo zito la zamani asilivumilie kwa nguvu. Afumbue macho, akandamize nyayo sakafuni, atazame vitu vilivyomo chumbani mpaka atulie.

"Pumzi usiivute, iache ije yenyewe. Tumbo likipanda, sema moyoni 'panda'. Likishuka, 'shuka'."

Wengi huharibu hapa. Husikia habari ya pumzi wakaanza kuhema kwa nguvu, kabonidioksaidi ikapungua mno kwenye damu, kichwa kikawa chepesi na vidole vikaanza kuchonyota, nao wakadhani wamefika mahali patakatifu. Kumbe ni kizunguzungu tu.

Hazikupita dakika nyingi akafumbua macho. "Haitulii hii. Nimeshafika sokoni, nimerudi, nimegombana na wifi yangu."

Nilifurahi kusikia hivyo, maana alikuwa ameanza kuona. Nikamwambia habari ya Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambao mwaka 2010 walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao, wakati wowote wa siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 46.9 ya majibu yalionyesha akili iko kwingine kabisa. Akili kuzurura si ugonjwa. Zoezi liko pale unapogundua kwamba imezurura: unasema "kuwaza" mara moja, unarudi tumboni. Usijikaripie, kwa sababu huko kujikaripia nako ni kuwaza, tena kwa ukali zaidi.

Akafumba tena. Ndipo umeme ukakatika.

Pangaboi lilizunguka kwa uvivu, likasimama. Nyumba ya pili wakawasha jenereta. Niliona taya zake zikikaza, nikamwambia polepole: "Usiifukuze kelele. Sema 'sauti'. Sasa tafuta hasira imekaa wapi mwilini." Akajibu bila kufumbua macho: kifuani, na kwenye meno. "Itazame hapohapo. Habari za aliyewasha jenereta ziache."

Huu ndio mpaka ambao watu wengi hawajawahi kuuona. Sauti ni kitu kimoja. Kutoipenda ni kitu cha pili. Hadithi ya jirani asiyejali wenzake ni cha tatu, na ndicho kinachomnyima mtu usingizi hata jenereta ikishazimwa.

Tone la jasho likamtoka kwenye paji, likapita mbele ya sikio, likasita kwenye pembe ya taya. Mkono wake wa kulia ukainuka kidogo pajani. Nikamwomba asubiri apime ile hamu ya kufuta: inapanda, inafika kileleni, halafu je? Tone likateremka shingoni, likaingia kwenye kola ya dera. Mkono ukalala tena, na taya zikalegea.

"Imeondoka yenyewe," akasema. "Na jenereta bado linanguruma."

Mimi naamini utulivu ninaoutafuta ndio huu, na nimechoka kusikia ukiuzwa kama kichwa kitupu kisicho na wazo. Anayelazimisha kichwa kiwe kitupu hupigana na akili yake mpaka anachoka, kisha husema zoezi halimfai.

Adhana ya Isha ilipoanza alitaka kujua afanyeje kesho. Dakika 10, nikamwambia, saa ileile kila siku, kitini na si kitandani, kwa sababu mwili uliozoea kulala mahali utasinzia tu ukiuketisha hapo. Simu aitegee kengele kisha aiweke mbali, asiwe anachungulia muda. Akichagua kukaa baada ya kula wali, akisinzia asishangae. Alichagua baada ya Alfajiri, kabla wajukuu hawajaamka, akaenda kutia udhu.