Siku Ndege Ilipopinduka Ziwa Albert

Asubuhi ile Ziwa Albert, magharibi mwa Uganda, lilikuwa limetulia kabisa, na sisi wauguzi tuliokuwa tukipeleka chanjo katika kijiji cha wavuvi, karibu na mahali Nile ya Victoria inapoingia ziwani, tuliuona utulivu ule kuwa neema. Ndege yetu ndogo ilikuwa na maboya mawili ya kuiwezesha kutua majini. Baadaye rubani alinieleza kwamba maji yasiyo na hata kiwimbi humhadaa anayetua, kwa sababu jicho halipati kitu cha kupimia kimo. Ndiyo maana hutakiwa kutua karibu na ukingo, huku akiyatazama mafunjo, na kushuka polepole mno. Sisi tulikuwa bado tunashuka kwa kasi maboya yalipogusa maji. Ncha zake zilizama, ndege ikapinduka.

Nilijikuta nimening'inia kichwa chini, maji yakiniingia puani pamoja na harufu kali ya petroli. Kabla ya safari rubani alikuwa ametusisitizia mambo mawili, na naamini kwa dhati kwamba ndiyo yaliyotuokoa: tushike kwanza kitasa cha mlango ndipo tufungue mkanda, kwa maana aliyepinduliwa majini hajui tena juu ni wapi, na jaketi okozi tusilijaze hewa tukiwa ndani, lisije likatuinua na kutubana. Nilikishika kile kitasa chembamba cha chuma, kilicholegea kidogo, wala sikukiachia mlango ulipokataa kufunguka kwa kusukumwa na maji ya nje. Maji yalipojaa ndani, ulifunguka kwa wepesi.

Tulitoka sote, tukapanda juu ya maboya, viboko wakipumua kandokando ya mafunjo. Mvuvi mmoja mzee alitufikia kwa mtumbwi, akaninyooshea kasia. "Musawo, shika, usiliachie," alisema, akiniita kwa neno la Kiganda la mhudumu wa afya, huku ameegemea upande wa pili kwa mwili wake wote ili mtumbwi usipinduke.

Jioni, tulipofika Wanseko, niliambiwa ndege nyingine ingekuja kunichukua. Nilikumbuka yaliyompata mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway Januari 1954: ndege yake iligonga waya wa telegrafu karibu na Maporomoko ya Murchison, akaokolewa kwa boti hadi Butiaba, kando ya ziwa hili, na huko ndege ya pili ikashika moto ikijaribu kupaa naye. Nilishukuru, nikaomba gari la kwenda Hoima.